Kikohozi Nilichomwachia Mama Tabu

Ninaitwa Ramazani. Ni mwalimu wa saikolojia katika shule ya sekondari hapa Kasongo, upande wa ualimu, wanakosomea vijana watakaokwenda kufundisha shule za msingi. Ninaandika haya kwa sababu muuguzi aliyenitibu aliniomba niyaandike, ili awasomee wagonjwa wapya wa kifua kikuu siku wanapoanza dawa. Alidhani nitaeleza jinsi nilivyopona. Nitaeleza, lakini kupona kwangu ndiyo sehemu fupi ya habari hii, na ndiyo isiyonitia haya.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kujiona. Nilikuwa na mashati matatu meupe, yote yamepigwa pasi ya makaa, na nilikwenda shule na chaki zangu mwenyewe mfukoni kwa kuwa za shule zilikuwa laini. Msikitini nilipewa nafasi ya mbele. Watu waliposhindwa kuelewana jambo, walisema tumuulize Mwalimu, nami nikasafisha koo na kujibu, hata lile nisilolijua.

Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la hamasa: ni kitu gani kinachomfanya mtu aache tabia inayomharibia afya na kushika inayomfaa. Kila mwaka nilichora ngazi kwenye tablo, yaani ubao wa darasani. Chini kabisa yuko mtu ambaye hata hajafikiria kubadilika. Juu yake yuko anayefikiria, kisha anayejiandaa, kisha anayetenda, kisha anayedumu. Pembeni niliandika maswali ambayo mtu hujiuliza moyoni bila kujua kuwa anajiuliza. Ugonjwa huu unaweza kunipata mimi? Ukinipata, ni mbaya kiasi gani? Dawa itanisaidia? Nitaiweza? Kitu gani kinanizuia? Niliwaambia wanafunzi kwamba kujua peke yake hakumwinui mtu kitini. Walicheka, kwa sababu nilisema hivyo nikiwa nimeketi.

Kikohozi kilianza mwezi wa kumi na moja, na kwa wiki sita nilisema ni vumbi la chaki. Usiku nilitoka jasho mpaka mke wangu, Zaina, akawa anaanika shuka kila asubuhi kama tuna mtoto mchanga. Mkanda wa suruali ulihitaji tundu jipya, nikalitoboa kwa msumari, na baada ya siku chache nikatoboa jingine. Chakula kilinichukiza, hata sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa mawese ambayo zamani niliila mpaka nikaombwa niwaachie wengine. Siku moja darasani nilikohoa kwenye kitambaa nikaona uzi wa damu. Nilikikunja kitambaa, nikakitia mfukoni, nikamaliza somo.

Kituo cha afya nilichokwenda kina muuguzi anayeitwa Bahati. Nilimfundisha Kifaransa alipoanza sekondari, na mara moja nilimpigisha magoti kwa kuchelewa. Alichukua makohozi yangu, akanipima na damu, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake alifunga mlango kabla ya kusema.

"Mwalimu, iko kifua kikuu. Inapona. Lakini inapona kwa mutu anayemaliza dawa."

Alinieleza taratibu, akinitazama usoni, kama mimi nilivyokuwa nikimweleza yeye. Miezi sita. Miwili ya kwanza nije kila asubuhi kabla ya kula, nimeze vidonge mbele yake. Minne ya mwisho nitakuwa napewa vya wiki nzima na kuvimezea nyumbani. Akaniuliza naishi na nani, akasema wote waje wapimwe. Nilimwambia wamesafiri. Wakati huo Zaina alikuwa sokoni, umbali wa kutupa jiwe.

Mbele ya kituo kile kuna benchi la wagonjwa, nalo limeelekea barabara wanayopita wanafunzi wangu. Sikulikalia hata siku moja. Nilifika mapema kuliko wote, nikameza vidonge vyangu nimesimama, nikatokea mlango wa nyuma, kwenye vyoo. Mkojo wangu ukawa mwekundu kwa ajili ya dawa, nikawa naukimbiza kwa ndoo mbili za maji ili Zaina asiuone. Yeye nilimwambia nina bronkiti. Neno la Kifaransa lina heshima yake, na mke wangu aliliheshimu.

Labda anayesomewa haya atauliza nilikuwa naficha nini. Katika nyumba zetu chakula huwekwa kwenye sinia moja. Wanaume huzunguka la kwao, wanawake la kwao, na mikono hukutana katikati. Mtu aliyetengewa sahani yake ameshasemwa bila mtu kufungua mdomo. Na watu wetu wanaamini kwamba kifua kikuu hupita kwenye sahani. Bahati alinieleza kwamba hakipiti huko. Kinapita hewani, kwa mgonjwa anayekohoa ndani ya chumba kilichofungwa kabla dawa haijamkamata. Nilimwelewa vizuri sana. Lakini nilijua kwamba nikisema, jioni hiyohiyo sahani yangu itawekwa kando, na Mwalimu wa nafasi ya mbele atakula akitazama ukuta.

Baada ya miezi miwili nilikuwa mzima. Makohozi yalikuwa safi, suruali ilirudi kwenye tundu la zamani, nikaanza tena kusafisha koo na kujibu maswali ya watu. Ndipo Ramadhani ikaingia, nikiwa mwezi wa tatu wa dawa, na vidonge vya wiki nikivichukua mwenyewe.

Sasa nitaeleza ujinga wangu, na naomba msinionee huruma. Vidonge vilikuwa vya asubuhi. Kila mtoto wa chuo chetu cha Kurani anajua kuwa mgonjwa ameruhusiwa kula, atalipa siku zake akipona. Lakini mwanaume asiyefunga hapa Kasongo ataulizwa sababu, na anayemuuliza si mmoja. Nilifikiri siku tatu. Kisha nikajiambia kwamba najisikia vizuri, kwamba siku thelathini si nyingi, kwamba nitaendelea baada ya Idi. Vidonge nilivitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Nikafunga mwezi mzima, nikasifiwa kwa uso wangu ulionawiri, nikapokea sifa hizo.

Sikumuuliza Bahati. Swali lenyewe lilikuwa fupi, mtu angeweza kuliuliza akiwa mlangoni.

Idi ikapita nami sikurudi kituoni. Nilikuwa nimekosa wiki nne, na kila nilipofikiria kumweleza yule binti niliyempigisha magoti, nilisema wiki ijayo. Zile wiki nne zikawa tano, kisha saba. Alituma mtu nyumbani mara mbili kuniuliza, nikaagiza watoto waseme niko Nyangwe. Nikimwona barabarani navuka upande wa pili. Jambo hili halikuwa kwenye madaftari yangu, nami nililijua kwa mwili: haya haikunipandisha ngazi yoyote. Ilinifundisha tu njia za kuzunguka.

Shule zilipofunga kwa vakansi kubwa, ile likizo ndefu ya katikati ya mwaka, nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda Wamaza, Kabambare, kwa mama yangu. Vumbi la njia lilikiamsha kikohozi, nami nikafurahi kwamba safari hii vumbi lipo kweli.

Nyumba ya Wamaza ina wajane wawili. Mmoja ni mama aliyenizaa. Mwingine ni Mama Tabu, mke wa pili wa marehemu baba yangu. Hakujaliwa mtoto, akanibeba mimi mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuta chini. Baba alipofariki, watu walitazamia wake hawa wawili wagawane vyungu, kila mmoja aende kwa ndugu zake. Hawakugawana. Walilima pamoja, wakapika moto mmoja, wakala sinia moja, na wakigombana waligombana kwa kuku tu. Mama Tabu alikuwa na kikohozi chake. Miaka yote amechemsha mawese juu ya kuni mbichi na moshi umemkaa kifuani. Kikohozi kile tulikizoea mpaka hata watoto waliweza kukiiga.

Nilikaa miezi miwili. Nililala kwenye mkeka chumbani kwa mama, karibu na kitanda chake, na dirisha tuliliziba kwa gunia sababu ya baridi ya usiku wa kiangazi. Mama alipenda nimweleze habari za shule. Nilimweleza, nikakohoa, nikamweleza tena. Alikuwa akiniambia ninywe maji. Miezi miwili mizima nilimpumulia mama yangu usoni, nikijua nilichonacho au nikijua vya kutosha kutotaka kujua.

Mwezi wa kumi na mbili dada yangu mkubwa, Fatuma, anayewaangalia wazee wetu, alipiga simu kwamba mama anakohoa na amekonda. Nilikwenda wakati wa vakansi ya Noeli. Mimi mwenyewe nilikuwa na matundu mawili mapya kwenye mkanda na nimevaa mashati mawili kuficha mbavu. Mama nilimkuta kitandani, mabega yake yamechongoka. Nilipomaliza kumsalimia nilikwenda jikoni kumtafuta Mama Tabu.

Alikuwa nyuma ya jiko, kwenye kigoda, anakula peke yake. Mbele yake kulikuwa na sahani ya bati, na kikombe kilichofungwa kamba nyekundu kwenye kishikio ili kisichanganywe na vya wengine. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji, akasema, "Mwanangu, umekonda." Nikamwambia kazi ni nyingi.

Fatuma alinieleza habari ya sahani ile wakati tunangojea chakula. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka na anamwogopea mama. Akaniuliza mbele ya watu wote wa nyumba, na Mama Tabu akiwa palepale mlangoni, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

"Ni yeye mwenye kikohozi tangu zamani, ndiye amemupatia mama. Tumemutengea sahani. Wewe mutu wa kusoma, tumefanya vizuri?"

Kila mtu aliyekuwa pale aliacha alichokuwa anakifanya. Nilijua kwamba ugonjwa haupiti kwenye sahani. Nilijua kwamba kikohozi cha Mama Tabu ni cha moshi. Nilijua kikohozi cha mama kimetoka wapi, siku gani, mkeka gani. Nikasafisha koo.

"Mumefanya vizuri," nikasema.

Chakula kikaletwa, nikaingiza mkono kwenye sinia pamoja na wengine. Nyuma ya jiko nilisikia sahani ya bati ikikwaruzwa. Nilikula kidogo, nikasema nimeshiba. Siku ya tano nikarudi Kasongo. Sikusema mama apelekwe kupimwa, kwa sababu anayempima mama angeuliza nani mwingine anakohoa.

Mwezi wa kwanza mwili uliamua wenyewe. Nilikuwa naandika tarehe kwenye tablo, kifua kikanivuta, mdomo ukajaa kitu cha moto. Damu ilimwagika juu ya shati na chaki. Wanafunzi wangu walinibeba juu ya benchi mpaka nje, na prefe, mkuu wa shule yetu, akanipeleka hospitali kwa moto yake, mimi katikati, kijana mmoja nyuma ananishika nisianguke. Nilipopimwa uzito muuguzi alirudia mara mbili, akidhani mizani imekosea.

Daktari alipeleka makohozi kwenye mashine inayoonyesha kama dawa bado zinafanya kazi au ugonjwa umeshazizoea. Tulingojea jibu. Niliambiwa wazi kwamba anayeacha dawa katikati anaweza kuukomaza ugonjwa, na safari ya pili ikawa ngumu kuliko ya kwanza. Jibu lilipokuja, daktari alilisoma, akalisoma tena, akaniambia dawa bado zinanifaa. "Mwalimu, uko na bahati kupita akili," akasema, akatoka.

Zaina alikuwa ameketi miguuni pangu. Ndipo alipojua bronkiti yangu ilikuwa nini. Hakulia wala hakunigombeza. Aliuliza tu ni tangu lini, nikamwambia, akahesabu kwa vidole mpaka vikaisha. Yeye na watoto walipimwa, na wanafunzi wangu wote wakapimwa, wakakutwa wazima. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, na kila ninapomshukuru naona haya, kwa kuwa si mimi niliyewalinda.

Bahati alikuja siku ya tatu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilitegemea aniulize kwa nini niliacha dawa, swali ambalo mtu msomi hulijibu kwa saa nzima bila kusema kitu. Hakuuliza hivyo.

"Siku ile ya kwanza ya kuacha," akasema, "kitu gani kilikuzuia?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe, lile ninaloliandika pembeni mwa ngazi. Nikamwambia habari ya Ramadhani. Alichezea kifuniko cha kalamu.

"Ungekuja kuniuliza, tungeihamisha dawa mpaka saa ya daku, mbele ya kula. Mwalimu, ilikuwa kitu ya dakika moja."

Basi. Mwaka mzima wa uongo, kopo la biskuti, mkeka wa Wamaza, yote kwa jambo la dakika moja.

Kisha aliniuliza kitu kingine: asubuhi huwa nafanya nini bila kukumbushwa na mtu. Nikasema huwa naswali alfajiri na kukunja mswala. Akasema vidonge vikae palepale ninapouweka mswala, nikishaukunja nivimeze, na Zaina ndiye atakayeshika karatasi na kutia alama. Asitie alama kwa kuambiwa, atie kwa kuona. Hapo ndipo ilipomalizika elimu yangu yote ya hamasa: mswala, vidonge, na mke mwenye kalamu ya bic. Imefanya kazi kuliko michoro yangu ya miaka kumi na minane.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Nilitapika, viungo viliuma, nyayo ziliwaka moto mpaka nikaongezewa kidonge kingine. Baadhi ya asubuhi nilikaa mbele ya vidonge nikivichukia. Zaina hakunihubiria. Alikaa na kalamu yake akingoja, na ni vigumu sana kuacha kumeza kidonge mbele ya mtu anayengoja kutia alama. Wiki ya tatu nilisikia njaa. Nilikula bukari, ugali wetu, na samaki, nikaomba tena, na Zaina akaenda kuongeza akiwa amenipa mgongo ili nisione uso wake.

Lakini bado nilikuwa mwongo. Bahati aliniuliza mara tatu, siku tofauti, kama kuna mtu mwingine niliyelala naye chumba kimoja nikiwa nakohoa. Mara tatu nikasema hapana. Ninataka wagonjwa wapya wasikie hapa vizuri: nilikuwa namaliza dawa yangu kila asubuhi baada ya kuswali, na mama yangu anakufa Wamaza bila dawa, na mwanamke aliyenibeba mgongoni anakula nyuma ya jiko.

Fatuma alipiga simu tena. Mama sasa haamki. Na kwa ajili ya usalama wa watoto, wameamua Mama Tabu ahamishiwe kwenye kibanda cha shambani, upande wa Lusangi, kabla mvua haijawa kali. Alinieleza hayo kama mtu anayetoa taarifa ya kazi iliyokwisha kukubaliwa, na iliyoikubali ni sauti yangu. Nilimaliza kuzungumza naye, nikakaa. Zaina akauliza kuna nini. Nilifungua mdomo kusema hakuna kitu, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikutoka. Nikamwambia yote. Aliniacha nimalize, akaniletea viatu.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Bahati. Siku hiyo nilikaa kwenye lile benchi la mbele kungoja zamu yangu, wanafunzi wakipita na kunisalimia.

Mama aliletwa Kasongo kwa moto, amefungwa kitenge mgongoni kwa dereva, Fatuma nyuma anamshikilia. Alikuwa na kifua kikuu, na dawa zilikuwa bado zinakiweza. Alikuwa mwepesi mpaka nilimbeba mwenyewe kuingia ndani, mimi ambaye wiki chache kabla nilikuwa nabebwa. Nilimwambia hapohapo kitandani kwamba ni mimi. Alinishika kidole kimoja akafumba macho. Tangu hapo tulikuwa tunameza dawa pamoja, akinikumbusha mimi kunywa maji. Mwezi wake wa pili wa dawa alianza kulalamika kuhusu mapishi ya Zaina, tukajua atapona.

Mama Tabu naye alipimwa, mara mbili. Hakuwa na kitu. Kifua chake kilikuwa na moshi wa miaka, basi. Kuhamishwa kulisimama, lakini sahani ilibaki. Fatuma aliniambia mashine haioni kila kitu, na majirani walisema hivyohivyo. Watu walikuwa na jibu la mwalimu, na jibu la mwalimu lilikuwa limetangulia lile la mashine. Nilitaka kulifuta kwa simu. Zaina akasema nililisema mbele ya watu, nikaliondoe mbele ya watu.

Nilimaliza miezi yangu sita mwanzo wa vakansi kubwa, na makohozi yakawa safi mpaka mwisho. Bahati alisaini karatasi, nikapanda moto na kwenda Wamaza. Saa ya chakula watu wote wa nyumba walipokusanyika, nilisimama. Sikusafisha koo. Nilisema kwamba kikohozi cha mama nilikileta mimi, kwamba nilikuwa nimeacha dawa, kwamba siku ile nilipoulizwa nilijua na nikasema uongo. Fatuma alikaa chini palepale alipokuwa. Mtoto mmoja aliuliza kama bado kuna chakula.

Nikaenda nyuma ya jiko. Mama Tabu alikuwa anachagua mchele, anatoa mawe. Nilipiga magoti mbele yake na kurudia yote, ingawa alikuwa amesikia. Aliendelea kuchagua mpaka ungo ukawa safi.

"Nilijua siku ile ulifika," akasema. "Nilikuona umekonda kupita mama yako. Nikasema, acha, mutoto wangu atasema yeye mwenyewe. Nikangojea. Halafu ukasema, mumefanya vizuri."

Nilimwambia anisamehe. Aliuweka ungo chini, akajifunga kitenge vizuri.

"Kuna nyumba saba hapa zilikataa mukono yangu," akasema. "Tuende."

Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma. Katika kila mlango alisimama pembeni akaniachia mimi nafasi, nami nikasema maneno yaleyale. Nilidhani yatakuwa mepesi kadiri ninavyoyarudia. Nyumba ya tano yalikuwa mazito kuliko ya kwanza. Wengine walimshika Mama Tabu mkono wakalia. Mmoja alinifukuza. Mama Tabu hakunitetea, na alikuwa na haki. Tuliporudi, Fatuma alikuwa ameshakata ile kamba nyekundu kwenye kikombe, na nafasi ilikuwa imeachwa kwenye sinia la wanawake. Mama Tabu alinawa akaketi. Akala sana.

Sasa nashukuru. Namshukuru Mungu aliyeniachia pumzi, Bahati aliyeniuliza swali lililo sawa, Zaina na kalamu yake, na mama yangu ambaye leo analima karanga na kunipigia simu kulalamika.

Na wewe unayeanza dawa leo, nakuambia machache niliyo na haki ya kuyasema. Kujisikia vizuri siyo kumaliza. Vidonge vyako vifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku, na mtu mmoja akuone ukimeza. Ukikwama, iwe kwa mfungo, kwa safari au kwa kazi ya machimbo, uliza kwanza kabla ya kuacha. Ukikosa siku, rudi siku hiyohiyo, uso ukiwa hivyohivyo ulivyo. Wapeleke wote waliolala karibu nawe wakapimwe. Na mgonjwa asitengewe sahani, afunguliwe dirisha.

Bahati alinishauri nisitaje majina humu, kwa sababu karatasi hii itasomwa mbele ya wengi. Nilimpigia Mama Tabu simu kumuuliza. Akasema, "Weka jina yangu yote, na ya baba yangu. Na yako pia."

Kwa hiyo naliandika kama alivyoagiza. Tabu binti Sefu, wa Wamaza, hajawahi kuwa na kifua kikuu. Aliyekuwa nacho ni mimi, Ramazani, mtoto aliyembeba mgongoni, nami nilijua.